Mwende na Mtu Asiyesalimiwa

Wayua alikuwa amekufa, mwaka wa nne sasa, na mchana ule alikuwa anaongea.

"Wewe mzee," alisema, kwa ile sauti yake yenye mkwaruzo kidogo, kama mtu aliyetoka kucheka sasa hivi. "Umekaa hapo tangu asubuhi. Chai yako imepoa. Nani amekuudhi?"

Musyimi, aliyekuwa mume wake, aliketi kwenye stuli mbele ya televisheni, mikono katikati ya magoti, kama mtu anayengoja kuitwa na daktari. Kando yake kulikuwa na kiti cha mbao chenye kitambaa cha kufuma. Kiti hicho kilikuwa cha Wayua. Hakuna aliyekikalia tangu azikwe, na mgeni aliyekisogelea aliambiwa haraka kuna benchi nje.

Kwenye kioo, mwanamke wa Kizungu mwenye shingo ndefu alikuwa anafungua na kufunga mdomo. Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, ya zamani sana. Mwanamke yule alikuwa mcheza sinema wa Hollywood, na jina lake lililoandikwa kwenye kasha la kaseti lilikuwa la kukunja ulimi. Lakini Mtito Andei nzima ilimjua kama Mwende. Wayua ndiye aliyempa jina hilo, na sauti aliyompa ilikuwa yake mwenyewe.

Zamani Musyimi alikuwa na banda la video nyuma ya kituo cha petroli, mabati juu, mabenchi chini. Wengine walionyesha karate. Yeye alikuwa na katoni ya kaseti alizoachiwa na padri mmoja mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Kiingereza cha Musyimi kiliishia darasa la tano, cha Wayua hakikufika hapo. Basi walishika maikrofoni, mume akawasemea wanaume wa kwenye filamu, mke akawasemea wanawake, na pale wasipoelewa wakatunga. Madereva wa loli waliacha kulala ili wawasikie. Baadaye fundi mmoja wa redio akawaunganishia waya, sauti zao zikaingia kwenye kaseti yenyewe na Kiingereza kikafutika.

Biashara ilikufa simu zilipokuja. Kisha Wayua akafa, na Wayua alikufa kwa kungojeshwa. Gari la wagonjwa lilikuwepo, limeegeshwa kivulini, limeoshwa linang'aa. Mafuta hayakuwepo. Mtu wa kutia sahihi ya mafuta alikuwa kwenye semina. Kanisani wakiimba habari za kusamehe, Musyimi alikuwa anafunga mdomo mpaka wimbo upite. Wakubwa wana kila kitu, alikuwa akisema, isipokuwa haraka.

Kwa hiyo kaseti ndiyo iliyobaki. Kila siku, baada ya chakula cha mchana, kama stima ipo, Wayua aliongea.

"Hodi?"

Musyimi hakugeuka. Aliinua mkono tu: nyamaza kwanza.

Aliyebisha alinyamaza. Alikuwa Mutanu, mwenye hoteli pale loli zinapolala, mwanamke wa miaka arobaini na kidogo, na Jumamosi ya wiki hiyo Musyimi alikuwa apeleke mbuzi watatu kwa kaka wa Mutanu, Muli, huko Kibwezi. Wakamba huwaita mbuzi hao ntheo. Bila hao, mwanamke unaweza kukaa naye mpaka mzeeke na bado akawa si mke wako. Mbuzi wenyewe walikuwa wamefungwa nje kwenye mwarobaini, wanalia tangu asubuhi.

Mutanu hakuingia. Aliegemea mwimo wa mlango kwa bega moja, vile alivyokuwa akiegemea tangu usichana wake, alipokuwa akibebea madereva chai kwenye chupa mlangoni pa banda, na hana pesa ya benchi.

"Amefika kwenye glavu?" aliuliza polepole.

"Bado."

"Basi nimewahi."

Kwenye kioo mtu alimletea Mwende habari mbaya. Mwende alisikiliza. Kisha akaanza kuvua glavu, kidole, kidole kingine, bila haraka, macho yake yakiangalia mahali ambapo hakuna kitu.

"Hapo," alisema Mutanu. "Baba Mulinge, mwangalie huyu mama. Mwingine angepiga nduru, angejitupa chini, nywele zitimke. Huyu anavua glavu. Na mimi hapo mlangoni, msichana hana viatu, nikajua moyo wa mtu umekatika. Hakuna aliyeniambia."

"Wayua alikuambia."

"Hapana. Sikiliza. Hapo Wayua amenyamaza. Hapo ni Mwende peke yake."

Musyimi alisikiliza. Ilikuwa kweli. Miaka yote hakuwahi kugundua kwamba Wayua alikuwa akinyamaza pale.

"Siku mume wangu aliniacha na kwenda na yule wa Voi," Mutanu aliendelea, "hoteli ilikuwa imejaa. Sikulia. Nilifungua aproni, kamba hii, kamba ile, nikaikunja nikaiweka juu ya meza. Watu wote wakaacha kula. Mmoja akaniuliza, mama, nani amekufa? Hivyo ndivyo Mwende alivyonifundisha mimi. Wengine wanaigiza wakiongea. Yeye akinyamaza ndio unamwona."

Musyimi alimgeukia kidogo. Mwanga wa mlangoni ulikuwa umemzunguka, uso wake haukuonekana vizuri, na moyo wa mzee ukaruka kama wa kijana. Hivi ndivyo walivyoanza. Musyimi alikuwa akienda kula ugali hotelini kwake baada ya msiba, hasemi na mtu, mpaka siku moja akamsikia nyuma ya jiko akiosha sahani na kusema maneno ya Mwende, yote, bila kuruka hata moja. Ugali ukampoa mbele yake.

Kaseti ikafika pale ambapo zamani deki ya video iliila. Picha ikatetemeka, mistari ikapita, na sauti ya Wayua ikazama. Mwende akabaki anachezesha mdomo bure.

"Sema wewe," alisema Musyimi.

"Mimi?"

"Unayajua."

"Bila maikrofoni?" Mutanu alicheka. "Na utanilipa nini, mwenye banda?"

"Sema tu. Tafadhali."

Mutanu alikohoa, akainua shingo vile Mwende alivyoinua yake. Alipofungua mdomo, mkwaruzo ulikuwemo, kicheko kilichojificha nyuma ya maneno kilikuwemo, hata ile pumzi fupi ilikuwemo.

"Usiniambie nimsahau. Kusahau si kufagia, kwamba nitaamka asubuhi nifanye nimalize. Nikienda kumimina chai, mkono wenyewe unachukua vikombe viwili."

Musyimi alikuwa amefunga macho. Machozi yalikuwa yanateremka kwenye ndevu zake nyeupe, na alikuwa anatabasamu.

"Wayua," alisema. "Rudia hapo pa vikombe. Woi, Wayua, rudia."

Mbuzi mmoja alilia nje, kisha akaacha.

"Fungua macho," alisema Mutanu.

Sauti hii ilikuwa nyingine. Ilikuwa nene, ya kuitia wateja kutoka ng'ambo ya barabara. Musyimi alifungua macho kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Umeita nani?"

"Mutanu, mimi..."

"Umeita nani, Baba Mulinge?"

Musyimi alinyoosha mkono akaisimamisha deki, na Mwende akaganda kwenye kioo, mdomo wazi.

"Ulimi umeteleza," alisema.

"Ulimi hauendi mahali moyo haujui njia. Nikuulize, na usinidanganye. Ulinipenda lini?"

"Unajua lini. Ile siku ya sahani."

"Nilikuwa nimekupa mgongo."

"Ndiyo."

"Hata uso wangu siku hiyo hukuuona."

Musyimi aliangalia mikono yake. Kulikuwa na maneno mengi ya kusema, lakini yote yalikuwa ya Wayua, na alijua.

Mutanu alitoa simu kwenye mfuko wa gauni. "Na mimi nilikuja nikiwa na furaha, mjinga mimi. Nilikuletea kitu. Nimempata Mwende. Yuko humu kwenye simu, mzima, hajaliwa na deki. Na chini wameandika Kiswahili, kila neno. Unajua alikufa kabla sijazaliwa? Miaka hii yote nampenda mtu aliyekwisha kuzikwa. Hatuna tofauti, mimi na wewe."

"Wameandika alichosema kweli?"

"Njoo uone."

Mzee aliinuka kwenda mlangoni, na wakasimama pale bega kwa bega, vichwa vimeinama juu ya kioo kidogo. Mwende alikuwa jikoni kwake. Mezani alikuwa ameketi yule mwanamume wa koti jeusi, yule ambaye kila mtu wa Mtito alimjua. Katika filamu nzima watu waliingia na kutoka, na hakuna aliyewahi kumsalimia. Mwende peke yake ndiye aliyesema naye na kumwekea kikombe. Nywele zake zilikuwa nyeupe, kwa hiyo Musyimi na Wayua waliamua ni mzee, baba mkwe, na hiyo ni familia isiyo na adabu. Madereva walikuwa wakisimama juu ya mabenchi kwa hasira. Msalimieni mzee, washenzi nyinyi! Mtalaaniwa! Dereva mmoja, Mulei wa loli ya saruji, aliwahi kukirushia kioo kiatu.

"Soma," alisema Mutanu. "Wewe macho yako ni ya mbali. Ngoja nikusomee. Huyu dada anamwambia Mwende: 'Unaongea na nani tena?' Mwende anasema: 'Na mume wangu.' Dada anasema: 'Mume wako tulimzika kabla ya theluji.'"

Musyimi aliinamia zaidi kile kioo kidogo.

"Si baba mkwe," alisema Mutanu. "Nywele si nyeupe. Ni zile za manjano za Wazungu, ni picha ndiyo inazifanya nyeupe. Ni kijana. Ni mume wake, na amekufa. Ndiyo sababu hawamsalimii. Hawamwoni."

"Hawamwoni," Musyimi alirudia.

"Mulei alimpiga mzimu kiatu."

Kicheko kiliwatoka wote wawili kwa pamoja, kikubwa, cha kushika mbavu. Musyimi alishika mwimo wa mlango. "Na mimi nilimpa sauti ya kikohozi! Nilimpa ugonjwa wa miguu!" Walicheka mpaka Mutanu akafuta macho kwa pembe ya leso. Kisha kicheko kikaisha, na baridi fulani ikaingia, ingawa jua la Mtito lilikuwa linapasua mawe nje.

Mutanu aliangalia kile kiti chenye kitambaa cha kufuma. Akaangalia meza ndogo mbele yake. Kulikuwa na vikombe viwili. Kimoja kilikuwa kimenywewa. Kingine kilikuwa kimejaa, na utando umeshika juu.

"Nilipokuja nilibisha hodi," alisema. "Ulifanya nini?"

"Nilikuwa nasikiliza."

"Uliinua mkono hivi. Kila siku unainua mkono hivi. Humu ndani kuna mtu ambaye hasalimiwi, Baba Mulinge, lakini si Wayua. Wayua anaongea, anawekewa chai, ana kiti. Ni mimi. Umeniposa nije kuwa mzimu nyumbani kwako, na mimi bado napumua." Alirudisha simu mfukoni. "Hao mbuzi usiwapeleke. Nitampigia Muli asichinje."

"Mutanu!"

Lakini alikuwa amekwisha kugeuka, na hakufika mbali, maana njia ilikuwa imezibwa. Mama mmoja mnene mwenye kofia ya kufuma alikuwa amesimama uani, anahema, mkono kifuani. Alikuwa Kaveke, dada mkubwa wa Wayua, ambaye kila Alhamisi huja kumsikia mdogo wake.

"Ni nani alikuwa anaongea?" aliuliza Kaveke.

Musyimi na Mutanu walitazamana.

"Nimeuliza! Nilikuwa kule nyuma ya ua. Nimesikia mdogo wangu akisema vikombe viwili, na ile si sauti ya kaseti, kaseti inakwaruza. Nimetupa kikapu changu njiani. Nyanya zangu ziko njiani. Nimezunguka ua wote mbio, mimi na magoti haya. Nikajua amerudi." Akamwona Mutanu vizuri, na uso wake ukanywea. "Kumbe ni wewe."

"Nisamehe, mwaitu," alisema Mutanu, akimwita mama kwa heshima.

"Usiniite mwaitu. Miaka yote ulikuwa umesimama mlangoni tukidhani unasikiliza. Kumbe unapima mlango!"

"Kaveke," alisema Musyimi.

"Wewe shemeji nyamaza! Mulinge amenipigia simu kutoka mjini Wote, amesema hao mbuzi haendi nao. Mtoto wako mwenyewe! Anasema, baba anataka kuoa sauti ya mama. Na mimi nikamwambia, mwanangu, usimwonee baba yako. Kumbe ni kweli. Kwa masikio yangu!"

"Haoi mtu," alisema Mutanu. "Nimemwachilia sasa hivi. Nipishe, nikuokotee nyanya zako."

Kaveke alimwangalia. Hakutegemea hilo. Alikuwa amekuja na maneno mengi, na sasa hayakuwa na pa kwenda. Alijikokota ndani, akaketi kwenye benchi alilovuta mwenyewe kutoka nje, si kwenye kiti.

"Washa," alisema kwa uchovu. "Nimekuja kumsikia mdogo wangu. Washa, halafu mgombane."

Musyimi alibonyeza deki. Mwende akafunga mdomo wake uliokuwa umeganda. Mistari ikapita, ikapita, na mwisho wa filamu ukafika. Mutanu alikuwa uani, amempa nyumba mgongo, lakini miguu yake haikuondoka. Hakuwahi katika maisha yake kuondoka kabla ya mwisho huu.

Mwende alisimama mbele ya mtu wa koti jeusi. Alichukua kile kikombe mbele yake, akakimwaga, akakiosha, akakifuta. Na sauti ya Wayua ikarudi, safi kabisa.

"Umechoka, nau, baba yangu. Hakuna aliyekusalimia, na wewe umevumilia. Sasa nenda ukapumzike. Mlango nitafunga mimi."

Madereva walikuwa wakipiga makofi hapo. Musyimi aliyasikia makofi yale kichwani. Na akakumbuka jambo ambalo alikuwa amelisahau kabisa: usiku ule wa kwanza, wakifunga banda, alimuuliza Wayua maneno hayo kayatoa wapi, maana Mwende hakuonekana kusema mengi. Wayua alikuwa anakunja waya wa maikrofoni. Alisema, "Sijui Mwende amesema nini. Lakini mtu amekaa mezani kwako siku zote hizo. Huwezi kumfukuza kama kuku. Unamuaga."

"Kwenye simu wameandika nini hapo?" Musyimi aliuliza. "Mutanu. Mwende anasema nini kweli?"

Mutanu hakugeuka. "Anasema, 'Siwezi kukuona tena.' Basi." Akakaza leso yake. "Ya Wayua ni nzuri zaidi."

Kaveke aliinamisha kichwa akaanza kulia, bila kelele.

Musyimi aliinuka. Alichukua kile kikombe kilichojaa, akatoka nacho mpaka nje, akamwaga chai kwenye mizizi ya mwarobaini, karibu na mbuzi. Alisema kitu polepole, ambacho hata mbuzi hawakusikia. Kisha akarudi, akabonyeza deki, kaseti ikatoka, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati na kumpelekea shemeji yake.

"Enda nayo."

"Musyimi!" Kaveke aliikumbatia kifuani kabla hajajua. "Na wewe utabaki na nini?"

"Wewe ni dada yake. Ukae naye."

"Nyumba itanyamaza. Utaweza?"

"Sijui," alisema. Na ilikuwa kweli, hakujua. Kimya kilikuwa kimekwisha kuingia, kikubwa, kimejaza vyumba vyote, na ndani yake alisikia loli zikipanda mlima mbali barabarani, sauti ambayo hakuwa ameisikia kwa miaka.

Alikwenda mpaka mlangoni, akasimama pale pale Mutanu alipozoea kusimama.

"Mutanu."

Aligeuka. Musyimi alimwangalia usoni, jua likimpiga usoni, hakuna mwanga wa kumficha. Kulikuwa na alama ndogo ya kuungua kwenye kidevu. Mafuta ya kukaangia, labda. Aliona aibu kwamba alikuwa hajui.

"Wakya, Mutanu?" alimsalimia.

Alimsalimia kama watu wanavyosalimiana njiani, kwa salamu ya kila siku ambayo hata mpita njia hanyimwi. Mutanu aliangalia chini.

"Aa," aliitikia salamu.

"Karibu ndani. Ukae."

"Wapi?"

"Kwenye kiti."

"Kuna mtu?"

Musyimi aligeuka akakiangalia kiti. Aliangalia kwa muda mrefu, mpaka Kaveke akaacha kulia ili asikie. "Hakuna mtu," alisema.

Mutanu aliingia. Alipita karibu na Kaveke, na yule mama hakumwangalia, lakini alivuta miguu yake ili apite. Mutanu alikitoa kitambaa cha kufuma, akakikunja taratibu, pembe hii, pembe ile, akakiweka juu ya televisheni. Kisha akaketi pembeni kabisa mwa kiti, kama mgeni.

Kwenye kioo kilichozima kulikuwa na vivuli vyao watatu.

"Sema kitu," alinong'ona Musyimi.

"Maneno yake nimeyasahau," alisema Mutanu.

"Sema ya kwako."

Alifikiri. Nje, chini ya mwarobaini, kelele zilianza upya. Mutanu alikunja uso, na akasema kwa ile sauti yake nene, ya kuitia wateja kutoka ng'ambo ya barabara:

"Hawa mbuzi wa Jumamosi, kwani tangu asubuhi hakuna mtu amewapa maji?"